Mikanda ya ndeke ndogo: namna ya kuikagua, kuibadilisha na kuituma ishonwe upya

Kiangazi kimoja hapa Luano, uwanja wa ndeke wa Lubumbashi, niliitwa kwa Cessna 182 ya mutu binafsi, kazi ilikuwa breki tu, mikanda hakuna aliyeitaja. Nikakaa kwenye kiti cha piloti ili nikanyage pedali, nikavuta mukanda nisiteleze, na pale pale kidole gumba kikasikia kitu kigumu kwenye mushono. Nikaweka miwani nikaangalia vizuri. Ulikuwa uzi wa kushonea viatu, mweusi, umepakwa nta, umepita mistari miwili pale utepe unapozunguka chuma cha mwisho, na kila mahali sindano ilipopita kulikuwa tundu la kuonekana kwa macho, nyuzi ndogo za utepe zimekatika pembeni yake. Mwenye ndeke hakuficha kitu, aliniambia papa mmoja wa soko ya Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, alimushonea kwa franka elfu tano na ulionekana kama mupya.

Yule papa simulaumu hata kidogo, anajua viatu kuliko mimi na hakuna mutu alimueleza mukanda ule unaenda kubeba nini. Ndiyo maana naandika hii, ili mwenye ndeke na fundi kijana wajue kazi gani wanaweza kufanya wao wenyewe hapa Lubumbashi na kazi gani haiguswi na mukono wa hapa hata kama mukono ni mzuri namna gani.

Kwanza uelewe mukanda unabeba nini

Ndeke nyingi ndogo tunazoziona hapa, Cessna na Piper za zamani, zilichorwa kwa sheria ya Marekani iliyosema mutu akiwa amefungwa lazima mukanda umushike mpaka nguvu ya mara 9 ya uzito wake kwenda mbele. Mutu wa kuhesabia ni wa kilo 77. Piga hesabu: 77 mara 9 inatoa kilo 693, ni karibu mifuko 14 ya simenti ya kilo 50, yote inavuta kwa mara moja kwenye utepe wenye upana wa vidole vitatu. Na pale mukanda unapofungwa kwenye mwili wa ndeke au kiti, sheria ile iliongeza tena, chuma na bulo (bolti) zihesabiwe kwa nguvu ile ikizidishwa mara 1.33, juu pale ndipo vitu vinaanza kupasuka. Viti vya ndeke zilizochorwa kuanzia mwisho wa miaka ya themanini vinapimwa kwa kugongeshwa kabisa, kiti cha piloti kinapigwa mpaka 26 g, maana yake nguvu ya mara 26 ya uzito.

Mutu mwenyewe mwili wake unavumilia kuliko tunavyofikiri, kama amefungwa vizuri. Tarehe 10 Disemba 1954 daktari mmoja wa jeshi la anga la Marekani, John Paul Stapp, alikaa kwenye kigari cha roketi pale Holloman, New Mexico, akasimamishwa kwa ghafla mpaka 46.2 g. Macho yalijaa damu, lakini alipona na aliishi mpaka 1999. Kilichomushika ni mikanda. Mimi nikifungua bukle, kile kifungo cha mukanda, ya ndeke ya mutu nakumbuka ile namba kila mara, juu inamaanisha kuna watu wanakufa kwenye ajali ambazo mwili ungeweza kuvumilia, kama tu mukanda haungeachia.

Nani ana haki ya kufanya nini

Watu wanachanganya sana hapa. Kwenye sheria ya Marekani, Part 43, kubadilisha mukanda kumewekwa kwenye orodha ya kazi ndogo ambazo piloti mwenye ndeke anaweza kufanya na kutia sahihi yeye mwenyewe, na wengi wanasoma ile kwenye simu wanasema basi na mimi naweza. Ile ni ya ndeke yenye usajili wa Marekani. Ndeke yako ikiwa na usajili wa Kongo iko chini ya AAC, mamlaka ya ndeke za kiraia ya Kongo, kwa hiyo tafuta mekanisie mwenye lisensi yake, afanye ao asimamie, na atie sahihi. Uulize mbele ya kufungua hata bulo moja, siyo nyuma.

Na tena angalia neno lenyewe: kubadilisha. Kutosha mukanda wa zamani na kuweka mwingine wenye namba ile ile ya kipande. Kushona, kukata utepe, kuongeza urefu, kuhamisha bukle ya mukanda huu kwenda kwenye ule, ile ni kutengeneza, na inafanywa na ateliye yenye kibali cha kazi ile peke yake, yenye uzi unaostahili, mashine yenye muchoro wa mushono uliokubaliwa na mashine ya kuvuta ili kupima. Hapa mjini sijaona mashine ile. Kwa hiyo jibu la swali ninaloulizwa kila mwezi, fundi gani anashona mikanda vizuri, ni kwamba hakuna, tunatuma.

Anza na etiketi

Kila mukanda uko na kitambaa kidogo kimeshonwa karibu na mwisho. Pale utasoma jina la aliyeutengeneza, namba ya kipande, mwezi na mwaka, na alama ya TSO, ndiyo kipimo cha Marekani ambacho kipande cha ndeke kinakubaliwa nacho. Mukanda wa kiuno unasema TSO-C22 na herufi nyuma yake, mukanda wa bega unasema TSO-C114. Andika yote kwenye karatasi, kiti kwa kiti, piga na picha.

Kama etiketi imefutika ao imekatwa, mukanda ule hauna tena ushahidi. Unaweza kuwa mzima kabisa lakini wewe huwezi kuonyesha, na mimi siwezi kutia sahihi. Kuna ndeke za zamani sana ambazo mukanda ulikubaliwa kupitia muchoro wa ndeke yenyewe bila TSO, pale utafungua katalogi ya vipande ya ndeke ile na kutafuta namba. Lakini mukanda wa Toyota uliotolewa kwenye gari iliyokufa, hata ukiwa mupya na bukle inalia vizuri, hauna njia yoyote ya kuingia kwenye ndeke. Nimeshautoa mara mbili, yote kwenye viti vya nyuma, pale ambapo mwenye ndeke anakalisha watoto wake.

Umri: kwa mikanda mingi ya kawaida hakuna mwaka wa kufa ulioandikwa, unaangalia hali yake, lakini kuna watengenezaji wanaoandika miaka 12 na baada ya pale unabadilisha hata kama unangaa. Soma karatasi ya yule aliyeutengeneza. Na kama mukanda wako ni wa aina yenye mufuko wa hewa ndani yake, usiuguse, ile iko na kichupa cha gesi na ina masomo yake.

Kukagua utepe, na hapa usiharakishe

Chukua taa, kioo cha kukuzia, kiti kidogo, na saa nzima. Vuta mukanda wote inje mpaka mwisho, na ule wa bega uvute mpaka enrulere, kile kisanduku kinachourudisha, isimame, juu sehemu iliyofichwa ndani mara nyingi ndiyo nzuri na sehemu unayoona kila siku ndiyo imekula jua, ao kinyume chake panya alikaa kule ndani.

Kunja utepe kama herufi U kati ya vidole viwili, mgongo wa U uangalie juu, kisha tembeza polepole kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine. Ukiukunja hivyo nyuzi zilizokatika zinasimama zenyewe kama nywele, kumbe utepe ukilala hauzioni. Kingo ndizo za kuangalia zaidi. Uzi mmoja umekatika kwenye kingo, ama kuna mukato, ama kuna mahali palipoyeyuka pakawa pagumu na kung'aa, ule mukanda umetoka kazini, hakuna kujadiliana. Manyoya ya juu juu tu, kama blanketi iliyotumika, bila uzi kukatika, yanaweza kubaki, lakini yakiwa yamejaa pale bukle inapouma kila siku mimi naubadilisha.

Rangi inasema mengi. Fungua pale utepe ulipofunikwa na chuma ama ulipokunjwa kwenye mushono, linganisha na sehemu ya inje. Hapa kwetu ndeke zinalala inje, jua la mwezi wa kumi linapiga kwenye kioo siku nzima, na nimeona mukanda ulioanza ukiwa mwekundu wa damu ya mzee umekuwa kama rangi ya chai ya maziwa. Jua linalokula rangi linakula na nguvu ya nailoni. Poliesta inavumilia jua zaidi na haivutiki sana, ndiyo maana ukinunua mupya uombe ya poliesta kama yupo anayeitengeneza kwa ndeke yako.

Kisha nusa na pangusa. Ukungu wa wakati wa mvula unaacha madoa meusi na harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Asidi ya batri ni mbaya kuliko vyote kwa nailoni, na sisi tunabeba batri za gari kwenye viti, tusidanganyane, mutu anaenda Pweto ao Moba anaombwa batri anaiweka kwenye kiti cha nyuma na kuifunga na mukanda. Doa la asidi linafanya utepe uwe mkavu, ukiukunja unasikia kama karatasi. Mukanda wa namna ile hauoshwi, unatoka.

Mushono: hesabu mistari, fuata kila mstari na ncha ya penseli bila kuandika. Mushono wa kiwandani uko sawa, rangi moja, umbali mmoja. Uzi uliokatika hata mmoja ni mwisho. Uzi wa rangi nyingine ao unene mwingine, uliza nani alishona na karatasi yake iko wapi.

Bukle, enrulere na vyuma vya mwisho

Bukle ya ndeke inafungwa chuma kwa chuma, ulimi wa chuma unaingia kwenye chuma, siyo utepe kubanwa kwenye kitambaa. Ifunge na kuifungua mara kumi. Isikie: inalia, inakaa, inafunguka kwa kunyanyua kifuniko bila kupigana nayo. Sasa uketi, ujifunge kiunoni, kaza, halafu sukuma tumbo na mwili mbele kwa nguvu na kwa ghafla. Weka alama na kipande cha skochi kwenye utepe pale unapoingia kwenye bukle, rudia mara tano. Skochi ikihama, meno ya ile chuma inayouma utepe yamelika, na bukle ile imekwisha. Usiyachonge na tupa ili yawe makali, yatakata utepe.

Ndani ya bukle utakuta vumbi nyekundu yetu hii, inaingia kila mahali kutoka mwezi wa tano mpaka wa tisa. Toa na burashi laini kavu na hewa. Usitie mafuta, hata kidogo, mafuta yanashika vumbi ikawa kama sandpepa na yanatoka yanaingia kwenye utepe.

Enrulere, kile kisanduku kinachorudisha mukanda wa bega, vuta polepole inatoka, vuta kwa ghafla inashika. Rudia urefu tofauti, karibu imejaa, katikati, karibu tupu. Ikirudi kwa uvivu, mara nyingi ni utepe mchafu, osha kwanza. Ikikataa kushika, inaenda ateliye. Usiifungue. Kuna springi ndani imekunjwa kwa nguvu, inaruka inakata mukono, na ukishaifungua hakuna mutu atakayeikubali tena.

Vyuma vya mwisho, angalia tundu la bulo kama limekuwa la yai, angalia nyufa kwenye kona ya chuma, na kutu. Sakafu ya ndeke zinazobeba makayabu (samaki wa chumvi) na samaki wa ziwa Mweru uiangalie mara mbili. Maji ya chumvi yanashuka chini ya kapeti, yanakaa pale pale kwenye bulo ya mukanda, na ukinyanyua kapeti unakuta aluminiumu imetoa unga mweupe kama unga wa bukari. Unga ule ukiwa kwenye chuma cha ndeke chenyewe, simamisha kazi ya mikanda, umuite mutu wa muundo, juu hakuna faida ya mukanda mupya kwenye sakafu iliyooza.

Kuamua: kuosha, kutuma, ao kununua

Kama mukanda mzima ni mchafu tu, osha. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini kidogo, burashi ya nguo za mutoto. Usiingize bukle wala enrulere kwenye maji. Suuza mpaka maji yatoke safi, kausha kwenye kivuli umelala sawa, siyo juani, siyo na pasi. Javele hapana, esanse hapana, rangi ya kupaka nguo hapana. Munkoyo, kile kinywaji chetu, iliyomwagika inatoka kwa maji ya uvuguvugu peke yake, na uitoe upesi juu sukari yake inaita panya.

Kama vyuma ni vizima na utepe umekwisha, unaweza kutuma ushonwe upya. Ateliye inatoa utepe wote, inakagua bukle na vyuma, inashona utepe mupya kwa muchoro wake, inapima, inaweka etiketi mpya yenye tarehe na jina lake. Kwetu hapa njia ya kawaida ni Afrika Kusini, unapakia unapitisha mpaka wa Kasumbalesa kwa barabara ao unatuma na ndege ya abiria. Mbele ya kutuma uulize mambo matatu kwa maandishi: wana kibali cha kushona mikanda ya aina yako, watakupa karatasi gani ikirudi, na AAC inakubali kibali chao. Unataka Fomu 8130-3 ya Marekani ao EASA Fomu 1 ya Ulaya, ndizo zinazothibitisha kipande kimekubaliwa kwa ndeke, ao karatasi ya nchi yao inayolingana, yenye namba ya kila mukanda. Fakitire peke yake siyo karatasi ya ndeke. Nilishaona mutu amelipa, amengoja wiki sita, mikanda imerudi mizuri inanukia upya, na ndani ya karto kuna risiti tu. Tuliituma tena.

Tuma yote kwa mara moja, ya viti vyote, juu usafiri na forodha ndizo zinazokula pesa. Funga kila mukanda kwenye mufuko wake, andika kiti gani, kushoto ao kulia. Na ndeke ibaki chini mpaka irudi, usiazime mukanda wa ndeke ya jirani kwa safari moja.

Kama bukle nayo imelika, usipoteze pesa ya kushona, nunua seti mpya yenye kibali cha modeli yako na namba ya serial yako. Wakati ule ule jiulize kuhusu mukanda wa bega. Marekani waliulazimisha kwa viti vya mbele vya ndeke ndogo zilizotengenezwa baada ya 18 Julai 1978, na kwa viti vyote kwa zile za baada ya 12 Disemba 1986. Ndeke iliyotengenezwa mbele ya tarehe zile inaweza kuwa na wa kiuno peke yake, na kwenye ajali kichwa cha piloti kinaenda moja kwa moja kwenye dashibodi. Kuna seti zilizokubaliwa za kuongeza kwa modeli nyingi za Cessna na Piper. Kama una pesa ya kufanya kitu kimoja tu kwa ndeke yako ya zamani mwaka huu, mbele ya redio na mbele ya rangi, fanya hiki. Lakini kinaomba ruhusa na muchoro, hakuna kutoboa paa kwa kukisia, ile bati ya juu ni nyembamba itachanika kama karatasi, mukanda unafungwa pale muundo umeandaliwa.

Kutosha na kufunga

Zima kila kitu, tosha funguo, ziba magurudumu. Piga picha kila upande mbele ya kugusa kle (spana): bukle inaangalia wapi, utepe umepita chini ya nini, rondele (washa) ngapi na upande gani, kuna kipete cha chuma katikati ao hakuna. Kipete kile ni cha maana, ndicho kinachoacha chuma cha mwisho kizunguke wakati bulo imekazwa. Fanya kiti kimoja, ukimalize, ndiyo uende kingine, ili daima uwe na mfano mbele ya macho.

Bulo ni za ndeke, za kipimo cha Marekani kinachoitwa AN, kichwani ziko na alama ya msalaba ao nyota. Bulo ya kenkayeri (duka la vyuma) inafanana, inaingia, inakaza, na haina nguvu ile. Ekuru (nati) yenye nailoni, ukiweza kuizungusha na vidole mpaka mwisho, nailoni imekufa, itupe. Gupiyi, ile pini ya kukunja, haitumiki mara mbili. Na pale bulo yenyewe inazunguka mukanda ukisogea, ekuru ya nailoni haikubaliwi, inaombwa ile yenye meno ya kupitisha gupiyi. Katalogi ya ndeke inaonyesha ipi iko wapi, fuata ile, siyo ile uliyoikuta, juu uliyoikuta pengine iliwekwa na mutu aliyekuwa na haraka.

Kukaza, manual ya ndeke ndiyo inayoshinda. Kama haisemi, vipimo vya kawaida vya bulo kavu na ekuru nzima ni inchi-paundi 50 mpaka 70 kwa AN4, ni kama niutoni-mita 5.6 mpaka 7.9, na 100 mpaka 140 kwa AN5, ni 11.3 mpaka 15.8. Tumia kle dinamometrike, ile inayopima nguvu ya kukaza, mukono unadanganya. Uzi wa bulo utoke inje ya ekuru angalau mmoja mzima. Kisha shika chuma cha mwisho na vidole ukizungushe: lazima kielekee kule mutu anakovuta. Kikikwama, utepe utavutwa kwa kingo moja na utaanza kuchanika pale. Angalia utepe haukujikunja, na haukwaruzi ukingo wa bati ao fremu ya kiti.

Mwendo wa mukanda: wa kiuno ushuke kutoka kwenye nyonga kwenda sakafuni kwa pembe ya digrii 45 mpaka 55, ukae kwenye mifupa ya nyonga siyo kwenye tumbo. Wa bega utoke begani kwenda nyuma ukiwa sawa ao ukipanda mpaka digrii 30. Ukishuka chini ya bega zaidi ya digrii 5, siku ya ajali unavuta mabega chini na kuponda uti wa mgongo. Pima na mutu mrefu na mutu mfupi, kiti mbele na kiti nyuma.

Viti vikiwa inje, angalia reli zake. Kwa Cessna nyingi za injini moja kuna agizo la usalama la Marekani, AD 2011-10-09 lililochukua nafasi ya 87-20-03 ya 1987, linaomba kukagua reli, matundu yake na pini za kiti kila masaa 100 ao miezi 12. Kiti kikiachia wakati wa kupaa piloti anarudi nyuma na usukani mukononi. Na kwenye ndeke ambayo mukanda umefungwa kwenye kiti chenyewe, reli ndiyo inayobeba ile mifuko 14 ya simenti.

Majaribio ya mwisho

Rudisha viti, fungua na funga kila mukanda ukiwa umekaa. Piloti ajifunge kabisa, kisha afike kwenye kila kitu, pampu ya mafuta, flapsi, kufuli la mlango, radio. Sogeza usukani mpaka mwisho pande zote na pedali zote, na mutu pembeni aangalie hakuna mukanda unaoshikwa. Mikanda ya viti visivyo na mutu ifungwe na kukazwa.

Na milango. Mara moja tulipaa kutoka Luano na mukanda wa mupasenja ulikuwa umebaki inje, mlango umefungwa juu yake. Tukiwa hewani ukaanza kupiga ubavuni, bum bum bum, ungesema injini inatoka mahali pake, na piloti, mutu wa masaa mengi, alishika gazi akitaka kupunguza. Nikaona utepe umebanwa mlangoni. Tulirudi, tukatua, tukafungua mlango tukauingiza, na kichuma cha mwisho kilikuwa kimechora rangi ya ndeke mpaka kwenye bati. Tangu siku ile, kila ndeke ninayoirudisha namwonyesha mwenyewe kwa mukono wake: ingiza, vuta, angalia, ndiyo ufunge.

Kwenye kitabu cha ndeke andika tarehe, masaa ya ndeke, kiti gani, namba ya kipande na serial ya uliotoka na ya ulioingia, karatasi gani imekuja nayo, kipimo cha kukaza, jina na namba ya lisensi. Kama umeongeza mukanda wa bega, uzito wa ndeke na senta ya uzito ule zihesabiwe tena, hata ikiwa ni kilo moja na kitu. Karatasi za mukanda zinabaki na kitabu, siyo kwenye droo ya nyumbani.

Mikanda ya zamani usiitupe hivi hivi, jalala la hapa halilali, kesho utaikuta sokoni imeoshwa. Ile ya 182 tuliikata vipande vinne mbele ya mwenye ndeke, yeye mwenyewe alishika makasi, na bukle tulizipiga nyundo. Kipande chenye uzi mweusi wa viatu nilikiomba, kiko kwenye meza yangu ya hanga, na kijana mupya akianza kazi ndicho kitu cha kwanza namupa mukononi nikimwambia akikunje kama U aangalie.